Usikanyage Breki

"Glasi inatoka saa nne kamili," sauti ya Mkuu ilisema kwenye simu. "Isimwagike hata tone."

"Nimepokea."

Simu ikakatika.

Tindo aliitazama saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Akaisukuma bastola ya Glock ndani ya ala kiunoni, akaishushia blauzi, akafunga mlango wa Land Cruiser taratibu. Hakuna aliyegeuka. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na minane, kavaa sare ya kijani ya manesi, na mwanamke mfupi aliyevaa sare hatazamwi mara mbili. Ndiyo maana idara ilimpenda. Jina lake halisi lilikuwa limefungiwa kwenye kabati la chuma. Kazini aliitwa Tindo, kwa sababu kila alikopelekwa kitu kilivunjika.

Glasi ilikuwa mtu.

Na mtu huyo Tindo alimjua kuliko alivyomjua baba yake mzazi. Walimwita Mwalimu. Ndiye aliyewafundisha majasusi wa kizazi chake kulifuata gari bila kuonekana, kufungua kufuli kwa waya na kunyamaza mtu akiwapigia kelele. Miaka minne iliyopita shingo yake ilivunjika, na tangu siku hiyo hakusogeza hata kidole. Kwa miaka mitatu ya kwanza hakuwa na sauti pia, maana bomba la kupumulia lilikuwa limeikalia njia ya maneno. Mwaka huu madaktari wakamwekea kifaa kidogo kooni. Mwalimu akaanza kusema tena, maneno matatu matatu, kwa zamu na mashine.

Leo angesema mbele ya tume ya majaji. Angemtaja mfanyabiashara mkubwa aliyeingiza bunduki ndani ya makontena ya dawa kwa miaka kumi. Wengine wote walioyaona makontena yale yakifunguliwa walishazikwa.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo Mwalimu angelisema. Mkuu hakulijua. Majaji hawakulijua. Tindo alilala nalo na kuamka nalo.

Siku shingo ile ilipovunjika, Tindo ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Walikuwa nyuma ya gari la magendo, na Mwalimu akafungua mkanda ili ageuke achukue kamera kwenye kiti cha nyuma. "Usikanyage breki," alimwambia. "Nimefungua mkanda." Gari la mbele likapunguza mwendo. Hofu ikamshika Tindo, mguu ukaenda wenyewe. Hakuna gari lililogusa jingine. Kichwa cha Mwalimu tu ndicho kilichogonga kioo.

Ripoti aliyoiandika jioni ile ilisema kwamba lori liliwagonga kwa nyuma. Lori lilikuwepo kweli. Lilisimama nyuma yao, na dereva wake akashuka mbio kusaidia. Bampa lake lilikuwa limepinda tangu mwaka uliotangulia, na bampa hilo likatosha kumpeleka jela miaka tisa, eti mshirika wa magendo. Tindo alijiambia kwamba angeisahihisha ripoti wiki inayofuata. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa na miaka minne na bado alikuwa akiitembea.

*

Kituo alikotunzwa Mwalimu kilikuwa cha watu wasioweza kutembea, jengo refu la ghorofa moja lenye sakafu inayong'aa. Fundi wa mwendo alimpokea mlangoni pa karakana. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Wewe ndiye nesi mpya wa kumsindikiza Mwalimu?"

"Ndiyo, dada."

"Nesi gani anavaa viatu vya kukimbilia?"

"Miguu inaniuma."

"Haya, tukubaliane hivyo."

Nyuma yake roboti kumi na moja zilikuwa zimepangwa zikichajiwa. Kila moja ilikuwa nusu kiti, nusu kitanda, juu ya magurudumu sita, na mikono miwili ya kumnyanyua mtu. Kampuni iliyozitengeneza ilizipa jina refu la kigeni. Wagonjwa wakaziita punda. "Punda wangu kashakula?" waliuliza asubuhi, na Fundi alikuwa ameacha kukasirika.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema akimkabidhi redio ndogo ya Motorola. "Watu wanadhani mwendo ndio unaoumiza. Sivyo. Kwenye ndege unakwenda kasi ya ajabu na bado unakoroma. Kinachoumiza ni pupa. Kuanza kwa pupa, kusimama kwa pupa, kukata kona kwa pupa. Mimi nalipwa kuondoa pupa."

Kila mgonjwa alikuwa na ramani yake ya mwendo. Bibi wa chumba cha pili aliumwa nyonga punda akikata kushoto, kwa hiyo punda wake hakuwahi kukata kushoto. Alizunguka kulia mara tatu, akafika kulekule. Dereva wa treni mstaafu alitapika akisukumwa kinyumenyume. Ili kuwajua hivyo, Fundi alilala juu ya punda siku tatu kwa kila mgonjwa, akiwa amefungwa mikono na miguu kama kuku wa sokoni, kitambaa machoni, akisikiliza mwili wake unalalamika wapi. Mama yake mzazi alikuwa amebebwa na mashine ya mtu asiyejali. Hakusimulia zaidi ya hapo.

"Na Mwalimu?" Tindo aliuliza.

"Shingo yake imeshikwa na skrubu nne. Punda akisimama ghafla mara moja tu, tunamzika. Kwa hiyo kile kitufe chekundu cha dharura, kwake yeye ni sumu. Usikiguse. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hii chukua." Ulikuwa mkanda mweusi wenye kidude cha kubonyeza. "Unafungwa kwenye kifundo cha mguu. Ukibonyeza hapa, punda anaacha ramani na kufuata hatua zako. Niliutengeneza mwenyewe kwa ajili ya ndugu wanaopenda kutembea na mtu wao. Ukipunguza, anapunguza. Ukiruka, naye anaruka. Kwa hiyo usiruke."

Mwanamume aliyevaa ovaroli la kampuni alipita ukumbini na kompyuta kwapani. Hakusalimia.

"Nani huyo?"

"Katoka makao makuu, eti kuangalia betri. Wiki ya pili sasa. Kwao salamu zinauzwa, nadhani."

Tindo aliviangalia viatu vya mwanamume yule. Vilikuwa vyeupe, visafi kama vya bwana harusi. Mtu anayetambaa chini ya mashine wiki mbili hana viatu kama hivyo. Akainua simu kana kwamba anasoma ujumbe, akampiga picha kuanzia kichwani hadi viatuni, akaituma. Mkuu angeelewa: *mtafuteni huyu*.

*

Mwalimu alikuwa amekonda. Mikono yake, iliyowahi kumwonyesha jinsi ya kushika usukani, ilikuwa imelazwa juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mashine ilivuta, ikatoa.

"Marahaba... mwanangu. Hukuja."

"Sikuja."

"Miaka minne."

"Ndiyo, Mwalimu. Sikuwa na uso wa kuja."

Mashine ikavuta. "Leo nitasema yote. Na la lori."

"Najua."

"Sasa kwa nini... umekubali kazi hii?"

Tindo aliitazama saa mkononi. "Nimetumwa," alisema.

Mwalimu akafumba macho. Alikuwa amewahi kuwafundisha kwamba hilo ndilo jibu la mtu anayeogopa.

Saa nne kasoro dakika tano punda akamnyanyua kwa upole ambao ulimfanya Tindo aone haya, akamlaza, akamfunga kanda za kifuani na kwenye paji la uso. Mashine ya kupumulia ikabanwa nyuma, ikila umeme wa betri ileile ya punda. Wakatoka. Ukumbi, kona moja ya kulia, kizingiti cha mlango mkubwa, kisha njia ya mteremko iliyoezekwa kwa bati, mita mia na ishirini, ukuta huku na ukuta huku. Chini kabisa lilikuwepo lango la chuma, na nje ya lango gari la wagonjwa na walinzi wanne wa idara.

Walivuka kizingiti. Mlango mkubwa ukajifunga nyuma yao.

Kufuli ikalia.

"Kizingiti," alisema Mwalimu.

"Tumeshakivuka."

"Sijakisikia."

Tindo hakuelewa, lakini alielewa sauti ile. Ndiyo iliyowahi kumwambia kuna mtu juu ya paa. Akainua redio.

"Fundi, hapa msindikizaji. Anasema hajakisikia kizingiti."

"Haiwezekani!" Fundi alijibu. "Ule mtikisiko wa pale aliuomba mwenyewe. Huyu mtu hana hisia kuanzia mabegani kushuka chini. Pale pekee ndipo meno yake yanagongana kidogo, akajua ametoka chumbani. Nilimwachia. Kwenye ramani za kampuni umelainishwa kwa kila mtu." Vidole vyake vikasikika vikigonga kompyuta. "Mdogo wangu, hiyo si ramani yangu."

Aliyeibadilisha ni yule Viatu Vyeupe, na alikuwa fundi hodari. Alichukua ramani laini kuliko zote, akapandikiza kifo mwishoni mwake. Alichokosea ni kimoja: hakuwahi kufikiri kwamba mgonjwa anaweza kuomba mtikisiko.

Punda akaanza kuongeza mwendo.

"Naiona kwenye kompyuta," Fundi alisema, pumzi juujuu. "Anaongeza kasi mpaka mita mia na kumi. Halafu anasimama. Hapohapo."

"Nikate umeme?"

"Ukikata, breki zinajifunga. Na anakosa hewa. Mkanda! Funga mkanda! Lakini usiubonyeze mpaka uwe unakwenda sawasawa naye, la sivyo atashtuka."

Tindo akapiga goti. Mkanda ukazunguka kifundo, ukafunga.

Punda alikuwa ameshamwacha mita ishirini.

Angeweza kubaki palepale.

Sitaki kumpamba. Wazo lilikuja, likakaa, likavua viatu. Goti moja sakafuni, sekunde tano tu za kujifanya anahangaika na mkanda, na Mwalimu angeondoka na lile la lori. Mkanda uligoma, angeandika. Ripoti alijua kuandika.

Kisogo cha Mwalimu kilikuwa kinaondoka, na mvi zake zilikuwa zimekatwa vibaya, na mtu mwingine alikuwa amezikata.

Tindo akakimbia.

Mita hamsini. Sitini. Akamfikia punda ubavuni, akalinganisha hatua na magurudumu, mguu, mguu, mguu.

Akabonyeza.

Punda akamkubali.

"Sasa punguza," Fundi alisema. "Kila hatua iwe fupi kidogo kuliko iliyopita. Kidogo tu. Usimwangalie. Ukimwangalia utaogopa."

Mita sabini. Tindo alipunguza, na mashine ile kubwa ikapunguza naye. Mita themanini.

Mlango wa pembeni, wa stoo ya betri, ukafunguka nyuma yake. Hakugeuka. Alisikia viatu, kisha akasikia kitu cha baridi kinaingia begani, kisha kikawa cha moto.

Bisibisi.

Mwili mzima ulitaka kuruka. Ukiruka, naye anaruka. Tindo akameza ukelele, akapiga hatua. Fupi kidogo kuliko iliyopita.

Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Glock ilikuwa kiunoni upande uleule, karibu lakini mbali kama mbingu. Viatu Vyeupe akamwacha, akampita, akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu. Tindo akamdaka vidole kwa mkono wa kushoto.

Akavikunja kule ambako vidole havikunjiki.

Miguu ikatembea.

Jamaa alipiga yowe, akamgonga mbavuni kwa goti. Tindo akayumba kuanzia kiunoni kwenda juu na kubaki wima kuanzia kiunoni kwenda chini, jambo ambalo hakuna chuo kinacholifundisha. Hatua. Akamvuta kwa vidole vilevile, akampa kiwiko cha kooni. Hatua. Viatu Vyeupe akaenda chini, akabaki nyuma.

Mita mia na tano. Mia na saba. Hatua ya kikongwe. Hatua ya mtoto.

Punda akasimama, na hata shuka halikutikisika.

Lango likafunguka kwa kishindo, walinzi wakamiminika. "Tindo! Tindo, jibu!" Mkuu alikuwa anapiga kelele kwenye redio ya mmoja wao. "Yule wa viatu tumempata kwenye faili, si mtu wa kampuni, ni wa..."

"Amelala hapa juu," Tindo alisema. "Glasi ni nzima."

Akaenda mbele ili Mwalimu amwone. Damu ilikuwa imefika kiwikoni. Mwalimu aliitazama, kisha akamtazama yeye. Macho yalikuwa yamejaa, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Tindo akamfutia kwa kiganja.

"Umesimamisha vizuri," alisema Mwalimu. Mashine ikavuta, ikatoa. "Sasa umejua."

Alikusudia kumsifu. Lakini Tindo aliona wazi kile alichokuwa amekikosa miaka minne: kumbe inawezekana. Kumbe hata siku ile ingewezekana.

*

Chumba cha tume kilikuwa na feni mbili na maji ya chupa. Tindo alisimama mlangoni, bega limefungwa bandeji. Alikataa kupelekwa hospitali.

Mwalimu alisema kwa saa moja na robo. Maneno matatu, pumzi. Maneno manne, pumzi. Namba za makontena alizitoa kichwani, na mfanyabiashara mkubwa, aliyekuwa ameingia akicheka na mawakili wake, alianza kulegeza tai. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Saa sita na nusu alitiwa pingu, na mkewe hakumtazama.

Jaji mwenye nywele nyeupe akafunua ukurasa mwingine. "Sasa, hili lori lililowagonga kwa nyuma..."

"Hakuna lori... lililotugonga."

Jaji akarudi kwenye ukurasa.

"Ripoti inasema lilikuwepo."

"Lilisimama. Dereva alishuka... kutusaidia. Alinishika kichwa... mpaka msaada ulipofika. Hana kosa."

"Nani aliyeiandika ripoti hii?"

Mwalimu alifumba macho. Mashine ilivuta, ikatoa. Ikavuta, ikatoa. Ikavuta. Mtu aliyesema kila kitu asubuhi ile hakusema hili, na kila aliyekuwepo akadhani amechoka.

Hakuchoka. Alikuwa anangoja.

"Mimi," Tindo alisema mlangoni.

Akatembea hadi mezani. Akaweka Glock, kasha la risasi pembeni, kitambulisho juu yake. Akaeleza kwa dakika nne, bila kupunguza wala kujitetea, gari lilivyokuwa, mkanda ulivyokuwa, mguu wake ulivyokwenda. Mkuu, aliyekuwa safu ya mbele, alitazama sakafu. Jaji aliandika amri ya dereva kuachiliwa, akaiandika ya pili ya Tindo kushikiliwa. Kalamu ilikuwa ileile.

Tindo alipopita karibu na punda, aliinama. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nilishakusamehe... zamani. Nilikosa sauti... ya kukwambia."

Tindo akalia hapo, mbele ya wote, jasusi mzima.

Askari wawili walimtoa ukumbini. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja, mfuko wa plastiki mapajani, na ndani ya mfuko shati la kiume lililopigwa pasi. Alisimama haraka.

"Samahani, dada, wewe umetoka ndani. Wamemtaja mume wangu? Yule dereva wa lori?"

"Wamemtaja. Jaji ameshaandika amri. Kesho au keshokutwa yuko nyumbani."

Mwanamke aliushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mdogo wangu. Mungu akupe maisha marefu. Kila tume ikikaa nakuja na shati, nasema labda leo. Mungu akubariki."

Askari walikuwa tayari kuondoka. Angeweza kuitikia amina, akaenda zake.

"Dada, usinibariki. Mimi ndiye niliyemfunga."

"Wewe ni jaji?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

Mwanamke alimtazama Tindo, kisha askari wawili. Tindo alitamani apigwe kofi. Alitamani ukelele, matusi, chochote.

"Mtoto wetu wa mwisho hamjui baba yake," mwanamke alisema. "Tukienda kumwona kule ndani, anamwita mjomba."

Akautoa mkono mmoja, kisha wa pili. Akaketi, akaliweka shati mapajani, akaanza kulinyoosha mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

Tindo akageuka kuelekea mlango wa nje, mgongo umenyooka, hatua za mtu asiye na haraka. Waliokuwa nje wakapisha. Machozi aliyaacha yashuke, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye bandeji, na wa pili askari walikuwa wameushika.